Ubia haujasajiliwa, mwenzako kakopa: deni ni la nani?

Mkuu uliyeuliza kama deni aliloacha mshirika wako linakuhusu wakati ubia wenu hamkuwahi kuusajili: linakuhusu. Wanaokwambia "bila usajili hakuna ubia" wanakupoteza. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kuanzia kifungu cha 190, inaangalia kama mlifanya biashara pamoja kwa lengo la faida. Cheti haikiulizi kwanza. Na yule aliyenukuu kifungu cha 69 kutetea hoja hiyo ya usajili ametuletea sheria ya ubia ya India ya 1932.

Mimi yalinikuta Kibirizi, Kigoma. Natoa mtaji, mwenzangu anashinda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki: ananunua dagaa, anasimamia uanikaji, anapakia magunia ya Dar. Vitabu vya risiti tulichapisha kwa jina tulilojibunia. Akachukua mzigo kwa mkopo kwa wenye mitumbwi, mvua ikashika, dagaa wakaharibika, naye akazima simu. Wadai wakaja kwangu. Nikasema mimi sikukopa. Wakanionyesha risiti, namba yangu ya simu ipo pale chini. Wakili akanieleza bila kuzunguka: mshirika akikopa kwa shughuli za kawaida za biashara, amewakopea wote, na mdai anaweza kukubana wewe peke yako kwa deni zima. Nikalipa, ndipo nikaanza kumsaka mwenzangu atoe fungu lake.

Alipopatikana akaja na lake: anataka nusu ya faida zote za nyuma. Hapo ndipo pabaya zaidi kuliko deni. Pasipo makubaliano, sheria inagawa faida na hasara sawasawa, hata kama mtaji mkubwa ni wako. Kilichonisaidia ni meseji za WhatsApp, kila mzigo tumeandikiana sitini kwa arobaini. Makubaliano si lazima yawe na mhuri, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za namna hiyo. Usifute chochote kwenye simu yako.

Usajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, una kazi yake. Kutumia jina la biashara lisilo majina yenu halisi bila kulisajili ni kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, na bila cheti benki haikufungulii akaunti kwa jina hilo, kwa hiyo hela zote zinaishia kwenye simu ya mmoja. Ila usidhani cheti kingekukinga na wadai. Jina la biashara si kampuni; deni lingekufuata mpaka kwenye kiwanja chako. Anayetaka kinga hiyo akasajili kampuni yenye dhima ya ukomo, na gharama zake azibebe.

Kwa sasa, kabla hata ya kubishana naye, wajulishe kwa maandishi wote mliokuwa mnanunua kwao kwamba ubia umekwisha. Wasipojua, anaweza kuendelea kukopa na wewe ukadaiwa. Mimi niliwapitia mmoja mmoja mwaloni na daftari, kila mtu akasaini na kuweka tarehe.