Baba ana kisukari na hataki kufungua: hukumu ya funga, sindano na kidonda cha mguu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yangu amevuka miaka sitini, ana kisukari na anachoma insulini asubuhi na jioni. Ramadhani iliyopita sukari ilimshuka baada ya swala ya Alasiri. Alitoka jasho, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, na bado akakataa tusimpe kitu mpaka adhana. Mchana hataki kupimwa, anasema damu itamfunguza. Ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu lakini anakiosha kila anapotawadha. Futari anataka tende nyingi na asali kwa kuwa ni Sunna. Mimi ndiye ninayempikia na kumwangalia. Je, nikimpa maji ya sukari hali ile ikirudi, napata dhambi? Na haya mengine nimwambie nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amponye baba yako na akulipe kheri kwa kumhudumia.

Mwanangu, naanza na la dhambi kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Hali ile ikirudi, mpe. Huna dhambi, una ujira inshaallah. Mtu mwenye kisukari akitoka jasho la baridi, akitetemeka na maneno yakimpotea, ubongo wake umeishiwa sukari. Akiachwa anaweza kuzimia, kupata degedege, hata kufa, na adhana imebaki robo saa. Hapo kufungua kumetoka kwenye ruhusa kumekuwa wajibu. Allah anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, msijiue, hakika Yeye ni Mwenye kuwarehemu. Na akisema "niacheni" wakati akili imeshaanza kumtoka, kauli hiyo usiifuate.

Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Mpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale kitu cha kukaa tumboni. Lakini kama hajitambui na hawezi kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu mkimbize hospitali.

Sasa baba anadhani kujikaza ndiyo taqwa. Msomee hadithi ya Jabir aliyoipokea Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini, jiwe likampiga mmoja wao likampasua kichwa. Usiku akaota, ikamlazimu kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujipaka udongo safi badala ya maji, wakamwambia hawaoni ruhusa kwake na maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfika Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema: "Wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue! Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui? Hakika dawa ya asiyejua ni kuuliza." Yule mtu alikuwa na kidonda na alikuwa na nia njema, na wenzake pia walikuwa na nia njema. Mtume hakuwasifu kwa kushika dini kwa nguvu. Mimi sioni tofauti kati yao na watu wa nyumbani wanaomtazama mzee anatetemeka, wakamwambia "vumilia baba, imebaki kidogo".

Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya aya ileile iliyofuatana na kufaradhishwa funga, Suratul Baqara 184, na inayofuata inasema Allah anatutakia yaliyo mepesi, hatutakii yaliyo mazito. Aliyefaradhisha ndiye aliyesamehe. Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu walikaa na madaktari juu ya kisukari hasa, mwaka 2009 huko Sharjah, wakawagawa wagonjwa mafungu manne kwa kadiri ya hatari. Mafungu mawili ya juu, yaani ambao madaktari wanaona kwamba funga itawadhuru kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu, wakasema hawaruhusiwi kufunga. Mzee anayechoma insulini na ambaye sukari ilishamshuka mpaka akapoteza maneno, sidhani daktari yeyote atamweka mafungu ya chini. Lakini hilo aliseme daktari wake, siyo mimi wala wewe.

Tena kuna sababu ya hali ile kuja Alasiri. Dawa ya asubuhi haijui kwamba leo ni Ramadhani. Inashusha sukari saa zilezile, na tumbo limekaa tupu tangu alfajiri. Vidonge vya glibenklamaidi, wanavyopewa wengi huku kwetu, navyo vinalazimisha kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala. Ndiyo maana anayeruhusiwa kufunga hubadilishiwa dozi: kwa kawaida ile kubwa huhamishiwa futari, ya daku ikapunguzwa. Asijipangie mwenyewe. Na asiache dawa kabisa eti kwa kuwa hali mchana, maana hapo sukari inapanda, mkojo unakuwa mwingi, mwili unakauka na maji hana ruhusa ya kunywa.

Kupima kwa tone la damu kidoleni hakufunguzi. Katika madhehebu yetu ya Shafi hakutengui hata udhu. Aifute damu basi. Sindano ya insulini pia haifunguzi, kwa sababu si chakula na haikupita kwenye tundu iliyo wazi. Baraza hilohilo lilipitisha huko Jeddah mwaka 1997 kwamba sindano zisizo za lishe na damu ya vipimo havibatilishi funga. Kwa hiyo kipimo kiwe karibu yake mchana kutwa. Madaktari wanasema sukari ikifika chini ya 3.9, au ikizidi 16.6, kwa kipimo cha mmol/L, afungue hata kama anajihisi mzima.

Ikiwa daktari atasema hawezi kufunga na ugonjwa wenyewe si wa kutarajiwa kupona, atatoa fidia, na kwa Shafi ni mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili, ya chakula cha mji kwa kila siku. Robo tatu ya kilo ya mchele kwa siku ni tahadhari nzuri. Halipi funga wala hana deni. Na kama thawabu za mwezi zinamuuma moyoni, awafuturishe wanaofunga. Tirmidhi amepokea kwamba anayemfuturisha mfungaji hupata ujira mfano wa wake bila mfungaji kupungukiwa.

Tuje jikoni, kwa Ramadhani na kwa mwaka mzima. Tazama sinia yetu ya futari: muhogo wa nazi, viazi vitamu, magimbi, ndizi mbichi, pembeni uji wenye sukari na kaimati zinazong'aa shira. Hakuna cha haramu hapo, ila vyote hivyo vinakwenda kuwa sukari kwenye damu. Baba achague kimoja, kipande cha ukubwa wa ngumi yake. Nusu ya sahani iwe mchicha, bamia au kachumbari, robo iliyobaki iwe samaki au maharage. Uji upike kwa pilipili manga na ndimu bila sukari. Mtume alituambia theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, na mwenye kisukari ana haja zaidi na theluthi hizo kuliko sisi.

Tende ni Sunna kweli, lakini hadithi ya Anas inasema alikuwa akifuturu kwa tende mbivu, asipopata kwa kavu, asipopata kwa mafunda ya maji. Tende moja imetosha. Asali imetajwa katika Suratun Nahl kuwa ina ponyo kwa watu, na tunaamini hivyo, ila inapandisha sukari, na aya haikumwambia mtu aache dawa yake. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu wapo wanaoacha insulini wakashika asali, habasoda au majani ya mwarobaini, wakisema ndiyo tiba ya Kisunna. Sunna ni amri ya Mtume: "Tumieni dawa, enyi waja wa Allah." Kisomo na dua viende pamoja na sindano.

Kama ataruhusiwa kufunga, daku asiikose na aicheleweshe. Akienda tarawehe, apime kwanza na aweke pipi mfukoni.

Mguu sasa, ambao naona mnauchukulia kirahisi. Kisukari kinaua hisia za nyayo, ndiyo maana kidonda hakimuumi na anakiosha mara tano. Asikilowanishe. Aoshe sehemu ya mguu isiyo na kidonda, apake maji juu ya bendeji, na atayamamu kwa ajili ya palipofunikwa. Udhu wake umetimia. Bendeji aifunge akiwa na udhu, na isifunike zaidi ya panapohitajika. Mguu mwingine, Sunna inatutaka tupitishe kidole baina ya vidole vya miguu. Afanye hivyo taratibu, na akimaliza akaushe kwa kitambaa pale pale katikati, maana unyevu unaobaki huzaa fangasi, ngozi inapasuka. Kila jioni wewe au mjukuu atazame nyayo kwa taa. Maji ya moto ya kutawadhia asiyajaribu kwa mguu. Yajaribu wewe kwa kiwiko chako.

Na siku ya Ijumaa, sakafu ya uwani mwa msikiti saa saba mchana inaunguza. Sisi tunarukaruka, yeye hahisi, atarudi na malengelenge. Ndara azivue mlangoni kabisa, na avae soksi; swala inasihi kwa soksi bila shaka. Kidonda kikianza kunuka, kuwa cheusi, au mguu ukivimba, ni hospitali siku hiyohiyo, na kisitiwe majivu.

Mpeleke kliniki ya kisukari mwezi wa Rajabu, au kabla Shaaban haijaanza kuisha, ili dozi zipangwe na zijaribiwe kabla ya Ramadhani. Ingia naye kwa daktari, usimwache aeleze peke yake kwamba "mimi huwa nafunga tu". Asipokusikiliza wewe, mwombe imamu wa msikiti wake aje nyumbani amsomee hadithi ya Jabir.

Wallahu aalam.