Kind of Blue: santuri ya 1959 au toleo jipya?

Ndugu, umeuliza kama udunduize pesa ununue santuri ya Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, iliyochapwa 1959, au uchukue toleo jipya. Chukua jipya, bila kusita. Ile ya mwanzo ina kasoro: Machi 2, 1959, kule New York, mashine kuu ya kurekodi ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo tepu yake ikichezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zinakwenda mbio kidogo na sauti inapanda. Jaribu kupiga gitaa sambamba na "So What", mmoja wa nyimbo hizo, utasikia nyuzi zako hazilingani nayo. Matoleo yaliyorekebishwa yalianza kutolewa mwaka 1992, kwa kutumia tepu ya akiba iliyorekodiwa siku ileile kwenye mashine nyingine.

Ila usinunue toleo lolote tu. Ulaya, haki za rekodi zilizotoka kabla ya 1963 zimekwisha, na wapo wanaochapa santuri kwa kunakili sidii. Soma nyuma ya jalada: kama hapatajwi tepu asilia wala fundi aliyeandaa sauti, irudishe rafuni. Pesa itakayobaki nunulia sindano nzuri ya gramafoni, maana iliyochakaa inakwangua hata santuri mpya.