Maswali ya Wasomaji: Mkaguzi wa Kumbukumbu Anapougua Yeye Mwenyewe

Maswali ya toleo hili yanahusu zana zinazonasa makosa ya kumbukumbu kwenye programu za C na C++: Valgrind, AddressSanitizer (tutaiita ASan) na jamaa zao. Tumechagua yale ambayo mwulizaji alidhani programu yake ndiyo mbovu, au ndiyo nzima, kumbe zana ilikuwa imeachwa nyuma na mfumo inamoendeshwa.

Nimesasisha Clang. Programu ikiendeshwa peke yake haina neno, lakini chini ya Valgrind mara inakufa kwa `Illegal instruction`, mara linatoka lalamiko la `unhandled dwarf2 abbrev form code 0x25`. Nirudi kwenye kompaila ya zamani?

Usirudi. Hayo ni magonjwa mawili yaliyokuja siku moja.

La pili ndilo jepesi. Kuanzia Clang 14 na GCC 11, taarifa za utatuzi huandikwa kwa DWARF 5, toleo jipya la mtindo wa kuandika taarifa hizo, usipoagiza vingine. Valgrind iliyotoka kabla ya hapo haijui kuzisoma, na 0x25 ni mojawapo ya namna mpya za kutaja matini. Sakinisha Valgrind mpya. Kama mashine si yako na huruhusiwi kuigusa, kompaili kwa `-gdwarf-4`, yatosha.

La kwanza linataka macho. Tafuta mstari unaosema `unhandled instruction bytes` utazame baiti ya kwanza. Ikiwa 0x62, karibu kila mara ni agizo la AVX-512 (kundi la maagizo mapana ya prosesa), na Valgrind haiwezi kuyafasiri maagizo hayo. Mkosaji kwa kawaida ni `-march=native`, inayoruhusu kompaila kutumia kila agizo la prosesa ya mashine hiyo. Programu ikimwuliza prosesa wakati inaendeshwa, Valgrind huijibu kwamba AVX-512 haipo, kwa hiyo maktaba zinazojichagulia njia zenyewe hupita salama. Lakini ulipokompaili kwa `native` uamuzi ulishapita na hakuna wa kuulizwa tena. Kwa nakala ya majaribio weka `-march=x86-64-v3`, ambayo inaishia AVX2.

Baada ya kupanda toleo la Linux napata `WARNING: unhandled amd64-linux syscall` na namba. Kwa nini Valgrind isiupitishe tu mwito huo kwa kerneli? Na nikitaka kuuongeza mwenyewe naanzia wapi? Tunahudumia FreeBSD na macOS pia.

Mwito (syscall) ni ombi la programu kwa kerneli, kiini cha mfumo. Valgrind haiupitishi kwa sababu haijui mwito huo utafanya nini na kumbukumbu. Memcheck, zana ya Valgrind inayokagua kumbukumbu, huweka hesabu ya kila baiti: inaruhusiwa kuguswa au la, imeshatiwa thamani au bado. Kerneli ikiandika baiti 64 mahali ambapo Memcheck haikuambiwa, baiti hizo zitaendelea kuhesabiwa tupu, na utamwagiwa makosa ya uongo mbali kabisa na chanzo. Kwa hiyo Valgrind humrudishia mwitaji ENOSYS, yaani "mwito huu haupo", na kerneli haisikii lolote. Programu iliyoandikwa vizuri itatumia njia ya zamani. Iliyoandikwa vibaya itaanguka, nawe utadhani umegundua kosa jipya. Wakati mwingine wasimamizi wa Valgrind huujibu mwito ENOSYS kwa makusudi: wamefanya hivyo kwa `clone3`, ili glibc (maktaba ya kawaida ya C kwenye Linux) irudi kwenye `clone` waliyoizoea.

Kuongeza mwito kwa Linux kunagusa faili chache. Namba yake huwekwa kwenye `include/vki/vki-scnums-*.h`. Kazi yenyewe huandikwa kwenye `coregrind/m_syswrap/syswrap-linux.c` na kutangazwa kwenye `priv_syswrap-linux.h`. Halafu unaongeza mstari kwenye jedwali la kila aina ya prosesa: `LINX_` kama hakuna cha kufanya baada ya mwito, `LINXY` kama kerneli itaandika kitu. Chukua `getrandom`, ambayo tayari imo, uitumie kama kielelezo:

```
PRE(sys_getrandom)
{
   PRE_REG_READ3(int, "getrandom", char *, buf,
                 vki_size_t, count, unsigned int, flags);
   PRE_MEM_WRITE("getrandom(buf)", ARG1, ARG2);
}
POST(sys_getrandom)
{
   POST_MEM_WRITE(ARG1, RES);
}
```

Tazama mstari wa mwisho kwa makini. Kabla ya mwito tunahakikisha baiti zote zilizoombwa, ARG2, zinaandikika. Baada ya mwito tunatia alama ya "zina thamani" kwenye baiti zilizorudi kweli, yaani RES. Ukiweka ARG2 hapo chini, kila jaribio litapita na mwandishi atafurahi, lakini siku kerneli itakapojaza nusu tu, Memcheck itanyamaza huku programu ikisoma takataka. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa halipigi kelele. Kelele ya uongo mtu ataripoti. Ukimya wa uongo nani ataugundua?

Namba nazo zina mtego wake. `getrandom` ni 318 kwenye amd64 lakini 278 kwenye arm64. Kuanzia 424, miito mipya ya Linux hupewa namba moja kwa karibu prosesa zote, nafuu kubwa kwa anayetunza majedwali.

Sasa FreeBSD. Huko kerneli huendelea kuitikia miito ya zamani, ila umbo la data likibadilika mwito hupewa namba mpya na wa kale hubaki kando. Toleo la 12 lilipopanua namba za faili kufika biti 64, `struct stat` ilibadilika, kwa hiyo Valgrind inapaswa kuzijua `stat` zote mbili, zenye maumbo mawili. Ukinakili ukubwa wa umbo kutoka Linux, utatia alama baiti pungufu au za ziada. FreeBSD kwenye amd64 iliingia rasmi katika Valgrind 3.18 mwaka 2021. Kabla ya hapo viraka vilitunzwa pembeni.

macOS ndiyo inayochosha. Apple inaahidi uthabiti wa maktaba ya libSystem, haiahidi uthabiti wa miito ya kerneli iliyo chini yake. Valgrind inafanya kazi humo humo chini, kwa hiyo kila toleo jipya la mfumo linaweza kuivunja bila mtu kukosea popote. Ndiyo maana kwa miaka mingi toleo rasmi liliishia macOS 10.13. Ushauri wetu: usijenge ratiba ya kazi juu ya Valgrind kwenye Mac.

Kabla ya kutuma kiraka, endesha `make regtest` kwenye kila mfumo unaoudai. Kila jaribio lina faili la `.vgtest` na matokeo yanayotarajiwa, `stderr.exp`. Matokeo yakitofautiana kwa haki kati ya mifumo, ongeza faili la pili, kwa mfano lenye mkia `-freebsd`. Usilegeze kichujio cha matokeo ili lile la kwanza lipite kote, maana kichujio kilicholegea huko huficha kosa la huku.

Msimbo ni ule ule na ASan imewashwa kote. Linux inaripoti uvujaji wa kumbukumbu, Mac na Windows kimya. Tuamini ipi?

Iaminini Linux. Mbili nyingine hazijakagua. Kwenye Linux, ASan huja na LeakSanitizer, kitafuta uvujaji chake, ikiwa imewashwa. Clang inayotoka kwa Apple haina LeakSanitizer, na ASan ya kompaila ya Microsoft, iliyokamilika katika Visual Studio 2019 toleo la 16.9, haitafuti uvujaji.

Kwenye Mac jenga nakala isiyo na ASan, uendeshe:

```
MallocStackLogging=1 leaks --atExit -- ./jaribio
```

Bila hiyo `MallocStackLogging` utapata anwani na ukubwa, lakini hutajua nani aliomba kumbukumbu hiyo. Kwenye Windows jenga nakala nyingine kwa `/MDd` na mwanzoni mwa `main` uite `_CrtSetDbgFlag(_CRTDBG_ALLOC_MEM_DF | _CRTDBG_LEAK_CHECK_DF)`. Orodha itatoka programu ikifunga.

Windows ina pia njia ya kunasa anayevuka mpaka bila kukompaili upya: `gflags /p /enable jaribio.exe /full`. Kila kumbukumbu inayoombwa husukumwa mwisho wa ukurasa wa baiti 4096, na ukurasa unaofuata hufungwa. Ina mambo mawili ya kukumbuka. Ombi la baiti 13 hupangwa kwa hatua za 16, kwa hiyo kuna baiti 3 kabla ya ukuta. Anayevuka kwa baiti moja hanaswi papo hapo bali kumbukumbu inapoachiwa. La pili ni kwamba mpangilio huo hukaa kwenye sajili ya Windows na kuwasha upya hakuufuti. Ukimaliza, `gflags /p /disable jaribio.exe`, la sivyo wiki ijayo mtu atalalamika programu imekuwa kobe na inakula kumbukumbu isivyo kawaida.

Kuna pengo jingine ambalo hamkuliuliza: ASan haikamati kusoma kumbukumbu isiyotiwa thamani, kwenye mfumo wowote. Hiyo ni kazi ya Memcheck au MemorySanitizer (jamaa ya ASan), na MemorySanitizer inataka maktaba zote zikompailiwe nayo, pamoja na maktaba ya kawaida ya C++, vinginevyo itazua makosa yasiyokuwepo. Kama hamna muda huo, basi nakala ya Linux ipite kwenye Memcheck kila usiku. Ni mara 10 hadi 30 polepole kuliko kawaida, ASan ikiwa mara 2 hivi, ndiyo maana tunasema usiku.

ASan inakufa mara moja moja inapoanza, ikirudia `AddressSanitizer:DEADLYSIGNAL` bila mwisho. Nikiendesha tena inapita.

Ni kerneli. ASan hutenga eneo kubwa la kumbukumbu kivuli (daftari la baiti zinazoruhusiwa kuguswa) mahali maalumu, na kwenye Linux ya amd64 hesabu yake huanzia 0x7fff8000. Mifumo mipya imepandisha `vm.mmap_rnd_bits` kutoka 28 hadi 32, kwa hiyo anwani zinatawanywa mbali zaidi na safari nyingine programu hutua juu ya eneo hilo. Dawa ya kudumu ni kompaila mpya, ambayo ikiona mgongano hujianzisha upya bila utawanyaji. Kwa leo, `sudo sysctl vm.mmap_rnd_bits=28` kwenye mashine ya majaribio tu, au `setarch -R ./jaribio` kwa programu moja. Ndani ya kontena la Docker `setarch -R` hukataliwa na kanuni za kawaida za usalama, kwa hiyo huko badilisha mashine iliyobeba kontena.

Faili letu la kunyamazisha ripoti za Valgrind limepita mistari elfu na hakuna anayejua nusu yake ilitoka wapi. Tulifute?

Lipunguzeni kwa ushahidi. Endesheni majaribio yote, kwenye kila mfumo, kwa `valgrind -s`. Mwishoni hutoka mistari ya `used_suppression` yenye jina la kila kanuni ya kunyamazisha iliyotumika na mara ngapi. Kanuni isiyoonekana kwenye mfumo wowote, futeni.

Zinazobaki zigawanywe: faili moja la wote, na moja kwa kila mfumo. Valgrind inakubali `--suppressions=` zaidi ya moja. Kanuni inayoweza kuhama hufanana na hii:

```
{
   fontconfig-akiba-ya-mwanzo
   Memcheck:Leak
   match-leak-kinds: reachable
   fun:malloc
   ...
   obj:*/libfontconfig.so*
}
```

Njia kamili ya maktaba haifai: Debian huiweka chini ya `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, Fedora `/usr/lib64`, FreeBSD `/usr/local/lib`. Nyota ya mwanzo inazimeza zote. Mkiondoa mstari wa `match-leak-kinds`, kanuni itanyamazisha na uvujaji wa kweli. Na vile vidoa vitatu humeza fremu zozote (ngazi za kazi zinazoitana), kwa hiyo mkikuta `...` ikifuatwa na `fun:main` bila kingine, hapo hakuna ukaguzi tena. Ifuteni leo, kabla ya hesabu nyingine yoyote.

Kwenye Alpine Valgrind inatuambia `0 allocs, 0 frees`, na makosa sifuri. Tumepona?

Hamjapimwa. Programu hiyo bila shaka imeunganishwa na musl (maktaba ya C ya Alpine Linux) ndani yake, bila maktaba za nje, na Valgrind hunasa `malloc` kwa kuitafuta kwenye maktaba ya nje. Ongezeni `--soname-synonyms=somalloc=NONE` ili iitafute ndani ya programu yenyewe, na hakikisheni alama za majina hazijaondolewa kwa `strip`. Mnaotumia jemalloc, kigawa kumbukumbu cha kuongeza wenyewe, badala ya `NONE` andikeni `*jemalloc*`. Hesabu ya maombi ikipanda juu ya sifuri ndipo ukaguzi umeanza; wekeni sharti hilo kwenye hati yenu ya majaribio, kando ya `--error-exitcode=1`.