Meno ya kahawia hayakuletwa na dawa ya mswaki

SWALI: Shikamoo dokta. Ni mama wa watoto watatu, naishi Tandahimba. Miezi minne iliyopita nilitumiwa video WhatsApp inayosema floraidi ya kwenye dawa ya mswaki inapunguza akili za watoto na kuyafanya meno yawe ya kahawia. Tangu hapo tunasugua kwa mkaa wa kusaga na chumvi. Sasa mwanangu wa miaka 8 ana tundu jeusi kwenye gego la chini, akinywa maji ya baridi analia. Kuna dawa isiyo na floraidi unayoweza kunishauri?

JIBU: Marahaba mama. Zipo, zinauzwa, na sikushauri ununue hata moja.

Video za namna hiyo nimeshaonyeshwa nyingi, hadi na mzazi ambaye mwanawe alikuwa kwenye kiti changu, mdomo wazi, anasubiri kuzibwa jino. Meno ya kahawia wanayoyaonyesha yapo kweli. Ni ya watu waliokunywa maji yenye floraidi nyingi tangu utotoni, kama ilivyo sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, na wengine huko hupikia magadi ambayo nayo huongeza floraidi. Huenda unamfahamu mwalimu au askari aliyehamia huku Mtwara akitokea Arusha, akicheka unaiona ile michirizi. Hakuipata ukubwani. Jino hupata madoa yale likiwa bado linajengeka ndani ya taya, yaani kabla ya miaka 8 hivi. Likishakomaa, uinywe floraidi usiinywe, madoa yale hayaji tena.

La akili wamelibeba kutoka Marekani. Wenzetu wale hutia floraidi kwenye maji ya bomba, na walianzia mji wa Grand Rapids mwaka 1945. Mwaka 2024 wataalamu wa sumu wa serikali yao walitoa ripoti kwamba floraidi ya kiwango cha maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita inahusiana na watoto kupata alama za chini kwenye vipimo vya akili. Kwa miligramu 0.7, kiwango kinachopendekezwa kwa bomba zao, walisema ushahidi uliopo hautoshi kuamua. Ni mjadala wa haki, waachwe waujadili. Lakini ni mjadala wa maji ya kunywa, na sisi Tanzania hatutii floraidi kwenye bomba. Maji ya mvua mnayokinga kwenye mabati huko uwandani karibu hayana floraidi kabisa. Mnaogopa kuzidishiwa kitu ambacho mnakikosa.

Kinachonichosha zaidi ni ile hesabu ya hao wa video. "Maji ya 1.5 ni hatari, dawa ya mswaki ina 1,450!" Mtu akisikia tarakimu hizo anaitupa dawa jalalani. Basi tuhesabu wote. Ile 1.5 ni miligramu kwa lita ya maji, na 1,450 ni miligramu kwa kilo nzima ya dawa. Mtoto aliyetimiza miaka 3 anawekewa dawa kiasi cha punje ya mbaazi, yaani kama robo gramu. Ndani yake mna floraidi miligramu 0.36 hivi. Hata akiimeza yote, na anatakiwa aiteme, amepata sawa na aliyekunywa robo lita ya maji ya 1.5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiruhusu. Wa chini ya miaka 3 anatoshwa na kiasi cha punje ya mchele. Yale matangazo ya kufunika mswaki mzima kwa dawa ni ya kuuza dawa, usiyaige. Na dawa yenyewe iwekwe juu, mtoto asije akainyonya yote kama pipi.

Kila mtoto akinywa chai ya sukari, bakteria wa mdomoni hutengeneza asidi inayochomoa madini kwenye jino. Floraidi iliyobaki juu ya jino huyasaidia madini hayo yarudi. Ndiyo maana nasema mtoto ateme tu, asisukutue kwa maji, hasa usiku kabla ya kulala. Mkaa hauwezi kazi hiyo. Chukua huo unga wenu, usugue kati ya vidole viwili, utasikia unakwaruza kama mchanga. Jino linang'aa kwa sababu linakwanguliwa, na ganda lake la nje likishaisha halioti tena.

Nunua dawa ya kawaida, bei yoyote, ilimradi imeandikwa floraidi kati ya ppm (yaani miligramu kwa kilo ya dawa) 1,000 na 1,500. Mtoto mlete wiki hii. Gego la nyuma la umri huo mara nyingi ni la ukubwani, huota kwenye miaka 6 bila kung'oa lolote, na wazazi wengi husubiri ling'oke lenyewe. Likipotea hilo, halina mwenzake.

Nilichogundua ni kwamba video nyingi za hivi huishia na namba ya simu ya kuagiza unga wa kusugulia meno. Hawa ni ndugu wa wale wanaozunguka minadani "kutoa mdudu wa jino". Msimu wa korosho uliopita nilipokea kijana aliyetiwa mafuta ya ganda la korosho ili mdudu afe. Jino lilikuwa linauma vilevile, na shavu kwa ndani limebabuka hadi jeupe. Jino lililooza halina mdudu wa kutolewa.

Wabaya zaidi ni wanaochimba fizi za watoto wachanga wakisema wanatoa "meno ya nailoni" yanayoleta homa na kuharisha. Wanachong'oa ni chonge changa la utotoni, na mara nyingine wanaliumiza na la ukubwani lililo chini yake. Mchanga anayeharisha anyonyeshwe zaidi, apelekwe zahanati siku hiyohiyo, apewe maji ya chumvichumvi na zinki.