Dakika za lala salama: kwa mwamuzi anayeanza

Kozini utafundishwa Sheria 17, utakimbizwa mizunguko ya uwanja mpaka utapike, kisha utaondoka na kadi mbili na kipyenga. Kinachobaki utajifunzia kazini: kuanzia wiki ya kwanza watu wazima watalala chini mbele yako wakilia kama wamevunjika, na dakika moja baadaye watakuwa wanakimbia kukuzidi. Nimechezesha miaka kumi na mitano kwenye ligi za mkoa na madaraja ya chini, bila VAR (waamuzi wa video), mara nyingine bila hata mwamuzi wa akiba. Mengi ya ninayokuandikia hapa, mdogo wangu, nimeyajua kwa kukosea.

La kwanza ni hili. Anayepoteza muda dakika ya 85 alishakupima dakika ya 15. Timu imekuja ugenini kutafuta pointi moja, mpira bado bila bila, na kipa ana goli kiki. Anauweka mpira kushoto, anautazama, anauhamishia kulia, anafuta viatu, anaita beki aliyeko karibu yake kama vile yuko ng'ambo ya mto. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nacheka moyoni na kusema mchezo bado mbichi, nitamshughulikia baadaye. Baadaye ikifika, kipa keshajua huyu refa ni wa kuongea tu.

Siku hizi namfuata mwenyewe, dakika hiyo hiyo ya 15, naongea naye kwa sauti ya chini: "Kaka, hii ya kwanza nimeiona. Ya pili nakuandika." Akirudia, namwandika kweli. Benchi litaruka, litasema dakika ya 20 kadi ya nini. Waache. Kipa mwenye njano dakika ya 20 atapiga goli kiki zake kwa adabu kwa dakika 70 zilizobaki. Ukisubiri mpaka dakika ya 89, umemuuzia dakika moja kwa bei ya njano, na hiyo ni bei ambayo kocha yeyote atailipa huku anatabasamu.

Mpira ukiwa mikononi mwake una dawa yake nyingine. Kwa marekebisho yaliyoanza Julai 2025, ana sekunde 8, akizidisha wapinzani wanapewa kona. Zamani zilikuwa sekunde 6, na adhabu ilikuwa pigo huru lisilo la moja kwa moja ndani ya boksi. Kwa kuwa pigo lile lilileta msongamano wa timu nzima kwenye mstari wa goli, karibu kila mwamuzi alijifanya hajui kuhesabu, mimi nikiwemo. Sasa huna kisingizio. Zile sekunde 5 za mwisho inua mkono na kuzihesabu kwa vidole, uwanja mzima uone.

Kujiangusha ni somo gumu zaidi, na nitakaa nalo kidogo.

Penalti mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa niliitoa nikiwa nyuma ya mchezo, karibu mita 35. Niliona mguu wa beki ukitoka, nikaona mshambuliaji anaruka, nikasikia jukwaa limelipuka. Nikapuliza. Jioni kamishna wa mechi hakuniuliza niliona nini. Aliniuliza, "Ulikuwa umesimama wapi?" Nikakosa jibu, kwa sababu macho yangu yalikuwa hayajaona mguu ukigusa mguu. Yaliona vitu viwili vinavyofuatana, na kelele za watu zikaviunganisha.

Kwa hiyo kimbia. Usijipange nyuma ya mgongo wa mchezaji, kaa upande, mahali ambapo unaona mwanya kati ya beki na mshambuliaji. Ukiuona huo mwanya, nusu ya maigizo yanaisha yenyewe.

Halafu soma mwili. Mtu aliyekwatuliwa kweli mikono yake inaenda chini au mbele kujikinga, maana mwili hauombi ruhusa kabla ya kujilinda. Anayejirusha huinua mikono juu, kifua mbele, kichwa nyuma, magoti yamekunjwa. Paul Morris wa Chuo Kikuu cha Portsmouth aliyachunguza maanguko haya na mwaka 2009 akaufananisha mwili huo na upinde uliovutwa. Tangu niliposoma hilo naliona kila Jumamosi. Angalia pia muda: kama mguso uko hapa na kilio kinakuja hatua mbili mbele, mtu alikuwa anafikiria. Na uangalie mguu unaobaki nyuma kumtafuta beki. Hapo mshambuliaji ndiye aliyegusa, si aliyeguswa.

Tazama alipoguswa, si alipojishika. Kombe la Dunia 2002, Brazil na Uturuki mjini Ulsan, dakika za lala salama, Rivaldo alikuwa anasubiri mpira apige kona. Hakan Ünsal akampigia mpira kwa hasira, ukamgonga mguuni. Rivaldo akaanguka ameshika uso. Ünsal, aliyekuwa na njano tayari, akatolewa. Baadaye FIFA ikampiga Rivaldo faini, lakini faini haimrudishi mtu uwanjani.

Ila usigeuke mwindaji. Kuna waamuzi vijana ambao wakishaambiwa kwamba walidanganywa wiki iliyopita, wiki hii kila anayeanguka ni mwongo. Mtu anaweza kuteleza. Anaweza kuruka kukwepa daluga lililokuwa linakuja kwenye ugoko wake, akaanguka bila kuguswa, na hajafanya kosa lolote. Si kila tukio ndani ya kumi na nane linataka penalti au kadi. Jibu la tatu lipo, nalo hulisikii sana kwa sababu halina kipyenga: mikono mbele, "endelea, endelea!"

Majeruhi. Kichwa hakina mjadala. Simamisha mchezo hapo hapo, hata kama unahisi anakudanganya, maana wewe si daktari. Mengine, ukishamwita mtu wa huduma ya kwanza aingie, kwa kawaida mchezaji lazima atoke na asubiri ishara yako baada ya mchezo kuanza. Isipokuwa kipa. Ndiyo maana utaona timu ikibanwa sana, ghafla kipa ana maumivu ya nyonga, na wenzake wote wako pembeni wanapewa maelekezo na kocha. Huwezi kumtoa. Unachoweza ni kusimama karibu naye, kumwomba nahodha awarudishe wenzake, na kugusa saa yako wazi wazi. Mimi navaa mbili: moja haisimami, nyingine naisimamisha kila mchezo unapolala.

Anayefanyiwa mabadiliko, tangu 2019, anatoka nje kupitia mstari ulio karibu naye. Mwambie mapema, kabla hajaanza safari ya kuwaaga ndugu zake kumi.

Waokota mipira wa nyumbani nao ni wachezaji wa ziada. Timu yao ikiongoza, mipira sita inakuwa mmoja. Zungumza na kamishna kabla ya mechi, mipira ihesabiwe. Na jihadhari na aliyechokozwa: Swansea, Januari 2013, kijana muokota mipira aliulalia mpira, Eden Hazard wa Chelsea akajaribu kuutoa kwa teke, akaonyeshwa nyekundu. Mchelewesha mpira alibaki pale pale. Ndivyo inavyokuwa, anayeadhibiwa ni yule wa pili, kwa sababu ndiye tunayemwona.

Sasa dakika za nyongeza, ambazo ndizo mtihani wenyewe. Huko Qatar 2022, England na Iran walicheza dakika 14 za nyongeza kipindi cha kwanza tu, sehemu kubwa ikiwa ya kipa wa Iran aliyeumia kweli, na dunia ikazoea. Kwetu ukiinua kibao cha dakika 7 na wenyeji wanaongoza, utasikia majina ya ukoo wako wote. Nitakiri: niliwahi kuonyesha mbili mahali palipostahili sita, kwa sababu geti la kutokea lilikuwa moja na mashabiki walikuwa wamelisogelea. Wageni walinitazama tu, hata hawakulalamika. Kile kimya nakikumbuka kuliko matusi yote. Dakika ukishazitangaza unaweza kuziongeza, kuzipunguza huwezi, kwa hiyo tangaza zilizopotea kweli, na uwe umezionyesha njiani kwa kugusa saa, zisije zikawa habari mpya.

Msimu uliofuata nilimpata kipa mmoja wa ugenini aliyenila muda mchana kutwa: njano dakika ya 22, nyonga dakika ya 63, kiatu dakika ya 78. Dakika ya 90 wakafungwa kwa kichwa. Akaufuata mpira nyavuni mwenyewe, akakimbia nao mpaka katikati, anahema.

"Refa, zimebaki ngapi?"

"Nne. Tatu kati ya hizo ni zako."