Kikalie kwanza, kisha ulipe

Swali la wiki hii lilikuwa: mtu anayekaa ofisini kutwa achague kiti cha namna gani? Mimi ni fundi wa makochi, Ngamiani hapa Tanga, na viti vya ofisi huletwa kwangu vikiwa vimeshachoka. Nayaona ya ndani yake ambayo dukani hayaonekani.

Kabla ya yote, pima urefu wa kikalio kutoka mbele hadi kwenye egemeo. Kile kiti kipana cheusi chenye mto hadi kichwani, wanachokiita kiti cha bosi, huwaumiza wengi, hasa watu wafupi, kwa sababu kikalio chake ni kirefu mno. Ukirudi nyuma mpaka mgongo uegemee, ukingo wa mbele unakubana nyuma ya magoti na miguu inakufa ganzi. Ukisogea mbele kuikimbia ganzi, kiuno kinakosa pa kuegemea na unashinda umejikunja. Kaa mpaka mwisho wa kiti, kisha pitisha vidole viwili au vitatu kati ya ukingo na nyuma ya goti. Visipopita, kiti hicho hakikufai, hata kiwe cha bei gani.

Halafu sponji. Nikitoa pini za chini na kuvua kitambaa, mara nyingi nakuta sponji imelala katikati, imebaki unene wa kidole, huku pembeni bado imesimama. Mwenye kiti alikuwa anakalia plaiwudi bila kujua. Sponji nyepesi ni laini sana ikiwa mpya, na ulaini huo ndio unaowavuta wanunuzi. Ibonyeze kwa ngumi: ukiusikia ubao, achana nacho. Sponji nzuri inakukatalia kidogo, na ukiondoa mkono inarudi palepale.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada. Ngozi ya bandia ya poliyurethani huharibiwa taratibu na joto na unyevu, ikaanza kubanduka magamba yanayonata kwenye shati. Na kabla haijafika huko, imeshakulowesha jasho mgongo mzima. Mimi huwashauri wateja waweke kitambaa. Egemeo la wavu nalo ni zuri kwa hewa yetu, mradi liwe limebenuka mbele kidogo usawa wa kiuno, juu tu ya mkanda wa suruali.

Urefu kutoka sakafuni ni rahisi: nyayo zitue chini zote, viwiko viwe usawa wa meza. Ila meza nyingi zina kama sentimita 75, na kwa mtu mfupi hayo mawili hayapatani. Apandishe kiti afuate meza, kisha aweke kigoda chini ya miguu. Seremala yeyote atamtengenezea kwa vipande vya mbao. Mikono ya kiti iingie chini ya meza, la sivyo utakaa mbali na kazi yako na kuinama siku nzima.

Kiti kikishuka chenyewe ukikikalia, bomba la gesi, lile la chini ya kikalio linalokipandisha na kukishusha, limevuja. Nawaomba sana msilipeleke kuchomelewa wala kufunguliwa. Ndani mna naitrojeni iliyoshindiliwa, inaweza kumjeruhi fundi vibaya. Hubadilishwa bomba zima.

Hata ukipata kiti kizuri, inuka kila baada ya nusu saa hivi, utembee kidogo.

Kinachoniuma ni kwamba maofisini anayechagua viti mara nyingi ndiye anayekaa muda mfupi kuliko wote. Karani anayeshinda kwenye kompyuta haulizwi. Ofisi inayotaka viti kumi inunue kimoja kwanza, wakikalie kwa zamu mrefu, mfupi na mnene, kila mmoja siku yake nzima ya kazi, ndipo iagize vilivyobaki.