Prednisolone na miguu ya mama

Dada, unauliza kama mama kushindwa kuinuka kwenye kigoda ni uzee tu, na huku mwaka wa pili anameza prednisolone za baridi yabisi, anajinunulia mwenyewe duka la dawa hapo Mbagala. Mimi naishuku dawa. Ikitumika muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja na mabega, mara nyingi bila maumivu. Ndiyo maana hata kupanda daladala kunamshinda. Mifupa nayo hupungua uimara, kasi zaidi miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika bila hata kuanguka. Akilalamikia maumivu ya nyonga, msipuuze. Ila jamani msiikatishe ghafla! Tezi za adrenali, zile za juu ya figo zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hii, zinakuwa zimelala, anaweza kuzidiwa vibaya. Daktari ndiye ampunguzie taratibu, mumuulize na habari za kalsiamu na vitamini D.